Nakala ya Princesse de Broglie ya Ingres: satini imekuwa plastiki, vivuli vimefifia, nyufa zimeanza

Kitani_Mbichi

Wakuu, naombeni macho yenu kwenye hii nakala. Ni Princesse de Broglie ya mchoraji Mfaransa Ingres, ile iliyoko Metropolitan Museum, New York, yenye tarehe ya 1853. Ya asili ina sentimita 121.3 kwa 90.8. Hii ni 97 kwa 73.

Vifaa: kanvasi ya pamba, jeso (rangi nyeupe ya msingi) ya akriliki mikono miwili. Vivuli vyote vya gauni viliwekwa kwanza kwa nyeusi ya pembe, ikalainishwa kwa mafuta ya kitani mpaka ikateleza vizuri. Baada ya siku tano ikaja buluu ya Prussia na nyeupe ya titani, hii ikiwa imekondeshwa kwa tapentaini. Lasi ya mikono imepakwa nyeupe ya titani tupu.

Matatizo ni manne:
1. Gauni linang'aa kama ndoo ya plastiki, si kama satini.
2. Vivuli vina mabaka yaliyofifia kama ubao wa shule, na pembeni mwake rangi bado inang'aa.
3. Karibu na kiwiko kuna nyufa nyembamba, na ziko kwenye sehemu za giza tu.
4. Lasi inaonekana kama dawa ya meno.

Niendelee juu ya hii au nianze upya? Na uso bado sijaugusa.

---

Msingi_Kwanza

Nianze na namba 2 na 3, maana hizo ni za kifundi na hazina mjadala. Satini wataijibu wenye jicho kunizidi.

Nyufa: nyeusi ya pembe hunywa mafuta mengi na hukauka polepole kuliko karibu rangi nyingine zote za paleti. Wewe ukaiongezea mafuta tena, kisha ukaiweka chini kabisa. Juu yake ukapaka buluu ya Prussia, ambayo hukauka upesi, tena ukaikondesha kwa tapentaini. Maana yake tabaka la juu limekauka na kukaza wakati la chini bado linatembea. La chini linapojivuta, la juu halina pa kwenda ila kupasuka. Ndiyo maana nyufa ziko gizani tu: kwenye mwanga hakuna nyeusi chini. Kanuni ni nono juu ya konda, yaani tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, na wewe umeigeuza kichwa chini miguu juu.

Mabaka yaliyofifia ni jambo jingine, usilichanganye na nyufa. Jeso ya akriliki ina vinyweleo. Mikono miwili kwenye pamba ni michache, na rangi iliyojaa tapentaini haina mafuta ya kutosha kujishikilia, kwa hiyo msingi umeyanywa. Rangi haijaharibika, imekosa mafuta usoni tu.

La kufanya:

Sehemu yenye nyufa haifunikwi. Ukipaka juu, ufa utarudi kwenye tabaka jipya. Ikwangue kwa kisu cha paleti kilicholala, na ukitoa nyeusi inayonata bado, ipanguse kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo hadi uone jeso. Acha wiki moja hewani. Kisha weka kivuli upya kwa amba mbichi, ule udongo wa kahawia unaoelekea kijani, bila mafuta ya ziada. Amba ina manganizi ndani yake, na hiyo ndiyo inayoikausha ndani ya siku moja au mbili ikipakwa nyembamba.

Sehemu iliyofifia bila nyufa: subiri iwe kavu kwa kuguswa, changanya mafuta ya kitani sehemu 1 na tapentaini sehemu 1, paka kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ngoja dakika kumi, halafu futa mpaka ubaki kama ukungu wa pumzi kwenye kioo. Ukiacha yanayoonekana kwa macho, umeweka ngozi ya mafuta itakayogeuka njano. Paka pale utakapofanyia kazi siku hiyo tu.

Kuanzia hapo: tabaka la kwanza rangi na tapentaini kidogo. La pili rangi kama inavyotoka kwenye tyubu. La tatu na kuendelea, mchanganyiko wa mafuta ya kitani 1 kwa tapentaini 2, na usizidishe matone machache kwa rangi yenye ukubwa wa njugu.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike kwenye kona. Yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko.

---

Mkunjo

Nichukue namba 1.

Kabla ya kugusa buluu, geuza picha yako na ya asili kuwa nyeusi na nyeupe, uziweke sambamba. Museum ile imeachia picha ya ubora wa juu bure, pakua faili kubwa kabisa. Utaona kwamba kivuli kizito kuliko vyote kwenye gauni la Ingres bado ni chepesi kuliko nywele za yule mama. Kwenye ngazi ya 1 hadi 10, 1 ikiwa nyeusi, nywele ziweke 1 hadi 2, mkunjo wa giza zaidi 3, sehemu kubwa ya gauni 6 hadi 7, na 9 ni kwa michirizi michache tu. Wewe umetumia nyeusi ya pembe, kwa hiyo gauni lako limeshuka hadi 1, na ili lipate kung'aa ukalazimika kupandisha nyeupe hadi 10 kila mahali. Giza tupu na weupe mtupu vikikaribiana bila cha kati ndiyo plastiki yenyewe.

Sasa tazama mkunjo mmoja tu unaoshuka kutoka kiunoni. Usiangalie gauni zima, litakuchanganya. Ukisoma kwa upana, kutoka upande wa mwanga kwenda upande wa giza, kuna hatua tano: buluu ya kati, mng'ao mwembamba, ukingo mkali ambapo mng'ao unakatika ghafla na kuingia kwenye giza, giza lenyewe, halafu, ndani ya giza, mwanga hafifu uliorudishwa na mkunjo wa jirani. Pamba na sufu hazina ule ukingo wa ghafla, huteremka polepole. Satini inauzwa na hatua ya tatu na ya tano. Ukiikosa ya tano, kivuli kinakuwa shimo.

Jambo la pili ni kwamba mng'ao haufuati mgongo wa mkunjo kama reli. Mkunjo unapojipinda, mng'ao hukatika, huhama upande, hurudi mwembamba zaidi. Wako unaenda toka kiunoni mpaka chini kwa upana uleule na weupe uleule. Hata ukiwa na rangi sahihi, mchirizi wa hivyo utasema bomba la maji.

Michanganyiko (kwa ujazo, ipime kwa ncha ya kisu):
- Buluu ya kati: nyeupe 4, buluu ya kobalti 2, na Prussia ya kuonja tu. Prussia ina nguvu ya ajabu, sehemu 1 kwa 20 ya nyeupe bado ni buluu kamili.
- Kivuli: kobalti 2, amba mbichi 1, Prussia nusu, nyeupe nusu.
- Mwanga uliorudishwa gizani: kivuli hichohicho, ongeza kobalti na nyeupe kidogo. Kama mkunjo uko karibu na kiti cha manjano, tia chembe ya oka ya njano, ile rangi ya udongo.
- Mng'ao: nyeupe 20, kobalti 1. Kamwe si nyeupe tupu.

Kwa nini kobalti kwenye mwanga na si Prussia? Kwa sababu Prussia ikichanganywa na nyeupe nyingi huweza kupauka kwa mwanga wa muda mrefu, na huelekea kijani. Kobalti inadumu. Zote mbili zilikuwepo zama za Ingres: Prussia tangu mwanzoni mwa karne ya 18, kobalti ya mkemia Thénard tangu 1802.

Upakaji: weka tani (viwango vya mwanga na giza) zote za eneo la sentimita 20 kwa 20 ubavu kwa ubavu, bila kuzichanganya, kama vigae. Zikitimia zote, chukua brashi laini kavu, pita *kando ya* mpaka wa tani, kuelekea unakoelekea mkunjo, na ifute kila baada ya mpito mmoja. Ukipita kukata mpaka, unaburuta giza kwenye mwanga na unapata tope. Ukingo ule mkali wa hatua ya tatu usiuguse kabisa. Na malizia kipande cha siku kwenye ukingo wa mkunjo, ili kiungo cha kesho kijifiche humo.

---

Kitani_Mbichi

Nimegeuza nyeusi na nyeupe. Kweli gauni langu limeshindana giza na nywele, aibu tupu.

Swali: nikwangue gauni lote au kiwiko tu? Na je, nyeupe ya titani ndiyo tatizo la lasi? Nasikia wengi wanasema lazima iwe nyeupe ya risasi, wengine wanasema zinki inatosha.

---

Msingi_Kwanza

Kwangua kila palipo na ile nyeusi yenye mafuta, hata kama haijapasuka leo. Palipo na buluu juu ya jeso moja kwa moja, paache.

Nyeupe: titani haikuwepo kwenye tyubu za wachoraji mpaka karne ya 20. Ingres alikuwa na ya risasi, na ya zinki ilikuwa imeanza kuenea. Titani inafunika kupita kiasi na ni baridi, kwa hiyo kila unachokichanganya nayo kinapoteza uhai na kuwa chokaa. Ya risasi ina joto kidogo, inaruhusu mwanga upite, inakauka vizuri na filamu yake hunyumbulika. Kwa ngozi na lasi tofauti inaonekana wazi.

Lakini ni sumu. Tumia ya tyubu, si unga. Vaa glavu, usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini, usiipige msasa mkavu kamwe, na mabaki yake usiyamwage kwenye sinki. Kama kuna watoto wanaoingia hapo, iache kabisa.

---

Paleti_Tano

Napingana kidogo na Mkuu hapo juu. Kwa nakala ya kujifunzia risasi si lazima. Titani inafaa ukiipunguza makali: titani sehemu 3, chokaa laini ya kuchorea (chaki, si chokaa ya kujengea) iliyosagwa na mafuta ya kitani sehemu 2, na chembe ya oka kuipa joto. Chokaa ndani ya mafuta huwa karibu haionekani, inaongeza mwili bila kuongeza weupe. Utapata nyeupe inayopitisha mwanga na haitaua buluu.

Zinki ndiyo nisingeigusa kwenye kanvasi. Inapendeza siku ya kwanza, lakini filamu yake hugeuka ngumu na kukatika kama kigae, na rangi iliyo juu yake huweza kubanduka. Soma mgongoni mwa tyubu pia: nyingi zilizoandikwa titani zina zinki ndani. Tafuta msimbo wa rangi PW4, hiyo ndiyo zinki. Titani ni PW6, risasi ni PW1.

---

Msingi_Kwanza

Kuhusu zinki tuko pamoja. Mchanganyiko wa chokaa nakubali kwa lasi na gauni. Kwa uso bado nasema risasi, lakini sitagombana.

---

Mstari_Safi

Wote mmezungumza rangi. Ingres ni mwanafunzi wa mchoraji Jacques-Louis David. Kwake mchoro ndio unaobeba kila kitu na rangi inafuata nyuma. Mchoro ukikosea milimita tatu kwenye taya, hakuna nyeupe ya risasi itakayokuokoa.

Vipimo vya picha hii vina bahati nzuri. Gawa 121.3 kwa 12 na 90.8 kwa 9: kila mraba unakuwa sentimita 10.1 hivi pande zote mbili. Kwenye nakala yako, 97 kwa 12 na 73 kwa 9 ni 8.1. Kwa hiyo gridi ya 12 kwa 9 inakaa bila kunyoosha chochote. Miraba ya uso na mikono igawe tena mara nne. Chora kwa mkaa mwembamba, pangusa vumbi, kisha imarisha kwa brashi na amba iliyokondeshwa.

Onyo: usirekebishe mwili. Shingo ni ndefu, mabega yanateremka kuliko ya binadamu, mikono iliyokunjwa juu ya kiti haina mifupa wala viwiko vya kuaminika. Wanaonakili huona "kosa" na kulinyoosha, na papo hapo picha inakufa. Ingres alikuwa na zaidi ya miaka 70 alipoifanya na alijua mwili wa mtu. Museum ya Bonnat kule Bayonne ina mchoro wa penseli wa matayarisho ya picha hii, mwili ukiwa bila nguo. Alipinda mstari kwa makusudi ili duara la bega liendelee kwenye mkono hadi vidoleni bila kukatika. Linganisha na picha ya wifi wa Princesse huyu, Comtesse d'Haussonville ya 1845, iliyoko Frick Collection, New York: mkono wake wa kulia unaonekana kama umeota ubavuni, na hakuna anayeugundua mpaka aambiwe.

Uso, kwa kuwa hujauanza:

Ni yai. Chora yai kwanza, macho baadaye. Hakuna kivuli kizito popote, mwanga unatoka mbele, kwa hiyo umbo lote linajengwa ndani ya ngazi nne tu za tani, kama 6 hadi 9. Hapo ndipo wengi hupotea: wanatafuta kivuli cha kuchongea pua, hawakipati, wanakibuni. Pua ya Ingres inasimama kwa upande mmoja tu kuwa na kijivu cha kijani kidogo, basi.

Weka tabaka la kwanza la nyeupe, amba mbichi na oka bila wekundu wowote. Likikauka, pitisha vermilioni (nyekundu kali) kidogo sana pamoja na nyeupe kwenye mashavu, ncha ya pua, masikio na vifundo vya vidole, ukianzia katikati na kufifisha nje. Mstari kati ya midomo usiwe mweusi, ni amba na wekundu, mzito kwenye pembe na mwepesi katikati. Kope za juu zitengeneze kama kivuli kimoja, si nywele moja moja.

Uso uwe laini bila alama ya brashi. Ukimaliza kikao, inamisha kanvasi ili mwanga uipige kwa ubavu. Tuta lolote la rangi utakaloliona, lilainishe sasa hivi, kesho halitoki.

Na kile kidani cha dhahabu shingoni, cha duara kama bulla (hirizi) ya Kirumi, usikipake "rangi ya dhahabu". Ni amba, oka, na nukta mbili za nyeupe yenye njano. Lulu za mkononi vilevile: kijivu cha ngozi, mwezi mwembamba wa giza, mwanga uliorudishwa chini, nukta moja juu. Nukta zisiwe mahali pamoja kwenye kila lulu, kila moja imegeuka kivyake.

---

Kitani_Mbichi

Hiyo gridi ya 12 kwa 9 imenifanya nicheke, nilikuwa nimegawa 10 kwa 8 na miraba haikuwa miraba. Lasi sasa?

---

Mkunjo

Lasi si nyeupe. Lasi ni kile kilicho chini yake kikionekana kupitia matundu. Kwa hiyo anza na cha chini: maliza buluu ya gauni na ngozi ya mkono kabisa, kana kwamba lasi haipo, na iache ikauke. Siku tano hadi kumi.

Kisha tengeneza kijivu chepesi: nyeupe 5, buluu ya kati 1, mafuta kidogo. Kisugue juu kikiwa chembamba sana kwa brashi ngumu karibu kavu, mpaka ionekane kama moshi. Hilo ndilo tabaka la kitambaa. Mikunjo ya lasi iwekwe hapo, kwa kuacha moshi mzito pale inapokunjamana na mwembamba inapotanuka.

Moshi ukiwa bado mbichi, toa matundu makubwa ya ua kwa ncha ya kijiti kilichofungwa pamba. Usijaribu kuyahesabu. Ikikauka, ingia na brashi ya duara namba 0 yenye rangi iliyo kama maziwa, chora kingo za maua na pindo, lakini kwenye upande wa mwanga tu. Upande wa kivuli uache na moshi wake. Mwisho kabisa, nukta za nyeupe nene kidogo mahali pindo linapogeuka, labda kumi na tano kwa mkono mzima. Hapo tu ndipo nyeupe inapofika 9.

Egemeza kiganja kwenye fimbo ya kuchorea, usiegemee kanvasi. Lasi yako inaonekana dawa ya meno kwa sababu ulianza na hatua ya mwisho.

---

Kitani_Mbichi

Nimeelewa. Gauni nakwangua leo. La mwisho: vanishi lini? Na ile rangi ya buluu-kijivu ya ukuta niiweke kabla au baada ya mwili?

---

Msingi_Kwanza

Ukuta kabla, na uupitishe sentimita moja ndani ya mwili. Kisha mwili uje juu yake, la sivyo utabaki na uzi wa jeso kuzunguka mabega kama mtu aliyekatwa kwa mkasi. Zile nembo za ukoo juu ukutani zifanye za mwisho, kwa rangi iliyopungua nguvu, zisije zikashindana na uso.

Vanishi ya mwisho: miezi sita kama umepaka nyembamba, mwaka kama kuna unene. Kabla ya hapo, kama mabaka yanakusumbua, tumia vanishi ya muda mkono mmoja mwembamba. Jaribio: gusa kona ya giza kwa pamba yenye tapentaini kidogo, isugue taratibu. Ikitoka na rangi, bado.

---

Paleti_Tano

Kabla hujakwangua, piga picha ya hiyo sehemu ya kiwiko kwa mwanga wa ubavu uiweke hapa. Kama nyufa zinafuata nyuzi za kanvasi badala ya kutawanyika kama utando, basi kanvasi yenyewe imelegea kwenye fremu, na kabla ya yote gonga kabari za pembeni uikaze.